Wingu Marufuku Mwaloni

Kwa miaka yote aliyoiimbia bendi ya chama cha ushirika, Mayala Mashimba hakutunga wimbo hata mmoja usiokuwa na wingu ndani yake. Hakuanza kwa kupenda. Meneja wa ushirika ndiye aliyeagiza kwamba kila wimbo utaje pamba, kwa kuwa bendi ililishwa na wakulima wa pamba. Mayala alijaribu. Alimtungia mpenzi wimbo wenye pampu ya kunyunyizia dawa ya wadudu, na wanawake wa Sengerema wakacheka mpaka wakakaa chini. Ndipo alipokwenda kwa meneja na hoja: bila wingu hakuna mvua, bila mvua hakuna pamba, kwa hiyo anayetaja wingu ametaja pamba. Meneja aliipeleka hoja hiyo kwenye kikao, na kikao kikaipitisha.

Tangu hapo mpenzi akawa wingu jeupe, mama mkwe akawa wingu la mvua ya mawe, na wivu ukawa wingu linalokaa mlimani halishuki wala haliondoki. Wimbo uliopendwa kuliko zote ulikuwa “Wingu Kaa Kwetu”. Haikufungwa harusi Mwanza bila wimbo huo, na watu walikuwa wakipanda kivuko kutoka ng’ambo kuja kuusikia tu.

Kisha biashara ya pamba ikafunguliwa. Wanunuzi binafsi wakaja na malori yao, ushirika ukabaki na maghala yenye popo. Asubuhi moja wanamuziki wakatangaziwa kwamba bendi imeuzwa: magitaa, ngoma, spika na, kwa namna ambayo hakuna aliyeielewa vizuri, waimbaji pamoja na nyimbo zao. Mnunuzi alikuwa Teodora, ambaye wote walimwita Mama Queen, mfanyabiashara wa dagaa. Alikuwa amejenga ukumbi wa dansi mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inaposhushia samaki, upande wa Butimba, jirani kabisa na majabali anapoanika dagaa wake.

Siku ya kwanza ya mazoezi Mama Queen alivuta kiti mbele, akakunja mikono, akasikiliza. Wimbo wa kwanza ukawa na wingu, wa pili ukawa na wingu, wa tatu ukawa na mawili. Akauliza kama hawana hata mmoja wa jua. Hawakuwa nao. Nje, wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa walikuwa wameacha kazi wakitazama upande wa Ukerewe, ambako kweli kulikuwa na kitu cheusi. Kabla bendi haijamaliza kufungasha vyombo, mvua ilishuka na dagaa wote wakageuka uji.

“Mzee Mayala,” akasema Mama Queen, maji yakimchuruzika usoni, “sauti yako sina ugomvi nayo. Lakini mimi nakula kwa jua. Kuanzia leo, wingu hapa ni marufuku.”

“Hata jeupe, mama?”

“Jeupe ndilo linaloanza.”

Mayala akaenda nyumbani kuzitoa nyimbo zake mawingu. Alijaribu kuweka jua mahali pa wingu, lakini Muharami, mpiga gitaa wake wa miaka mingi, akamuuliza ni mwanamke gani ataitwa jua la saa saba mchana na bado atabasamu. Alijaribu mwavuli; Mama Queen akaukataa, akisema mtu habebi mwavuli bila sababu. Mwishowe akaona heri aache pengo. Bendi ingepiga, yeye angefika penye lile neno, angefumba mdomo, kisha angeendelea.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mayala akaimba “Wingu Kaa Kwetu”, akafika penye pengo, akafumba mdomo, na ukumbi mzima ukaitika, “Wingu!”

Mama Queen akasimamisha muziki, akauliza nani amesema. Kila mmoja akamtazama jirani yake. Muziki ukaanza tena, na safari hii wakalisema kwa sauti kubwa zaidi. Wiki iliyofuata akawaweka wabeba magunia wawili waangalie midomo ya wateja. Aliyeonekana akiviringa midomo alishikwa mkono akatolewa nje. Kufikia mwisho wa mwezi waliotolewa walikuwa wengi kuliko waliobaki, na huko nje ya ukuta waliuimba wimbo wote na mawingu yake, wakicheza kwenye mchanga, huku waliolipa kiingilio wakikaa ndani wameziba midomo kwa leso.

Watu waliona ni kichekesho, ila Mayala hakucheka. Alimwambia mkewe, Wilhelmina, kwamba mapengo yale yanakula wimbo. Alikuwa akifumba mdomo kwa ajili ya neno moja, lakini akiufumbua anakuta na la pili limeondoka. Juzi ubeti wa pili ulimpotea wote. Aliogopa kwamba asipouimba mzima mbele ya watu, walau mara moja, utamtoka kabisa. Akiuimba, atafukuzwa, na Mwanza haikuwa na bendi nyingine ya kumpokea mtu wa umri wake. Wilhelmina akamwambia aimbe anavyoagizwa, mwenye nguvu mpishe. Akampisha.

Sasa, dagaa huvuliwa gizani. Wavuvi huwasha karabai, dagaa wakaufuata mwanga, wakakokotwa. Ukija mwezi mpevu, ziwa zima huwa karabai moja. Dagaa hutawanyika, na mitumbwi hukaa nchi kavu. Mwezi wa msimu ule ulikuja mpevu na mbingu zikiwa zimetakata kama sahani iliyooshwa. Wavuvi walikaa ukumbini wakichoka. Lori lililokuja kuchukua dagaa lilisimama mwaloni tupu, na kuku wakaanza kutagia chini yake. Ndipo Chenge, mkubwa wa wavuvi, alipomwendea Mama Queen na wazo.

Mama Queen alimkuta Mayala uani akimenya mihogo.

“Shikamoo, Mzee Mayala.”

Hakuwahi kumwamkia hivyo. Mayala akaitikia marahaba kabla hajajua anaitikia nini.

“Nimekuja kuomba wingu.”

“Si ulilipiga marufuku, mama?”

“Hilo la mchana. Mimi nataka la kufunika mwezi tu, lisilo na mvua. Kuna dagaa kidogo bado wako juu ya majabali.”

Mayala akakifuta kisu taratibu. “Mimi sina ghala la mawingu. Nina wimbo. Nikiimba, naimba wote, na hatolewi mtu.”

Mama Queen akatazama juu, ambako hakukuwa na hata ukungu. “Imba wote,” akasema. “Ila ule ubeti wa mvua uimbe kwa sauti ndogo.”

Jioni ile waliotolewa waliitwa warudi. Mwezi ulipochomoza juu ya majabali Mayala akasimama mbele, akaanza. Alipofika penye wingu hakuna aliyemwitikia. Watu walinyamaza kama wako kanisani, shingo zimeelekezwa madirishani. Maneno yalikuja yenyewe, moja likimvuta mwenzake. Ubeti wa pili, ule uliompotea, ulirudi wote. Alikuwa katikati yake pale mwanga wa mwezi sakafuni ulipofifia.

Chenge, aliyekuwa mlangoni, akasema kwa sauti ya kawaida, “Limefunika.”

Viti vikaanguka. Wavuvi wakakimbilia mitumbwi, wanawake wakawafuata na karabai, Mama Queen akainua kitenge akitaka mafuta ya taa yaletwe upesi. Dereva wa lori akaenda kufukuza kuku. Walinzi wa midomo wakaenda. Mpiga ngoma, ambaye alikuwa na sehemu yake katika wavu wa shemeji yake, akaacha vijiti juu ya ngoma akaenda pia.

Muharami akaendelea kupiga, macho kwenye mlango. “Ngosha,” akamuuliza Mayala, akimwita kama Wasukuma waitanavyo, “tuache?”

Mayala akatikisa kichwa. Akaimba ubeti wa tatu, ambapo zamani watu walishikana mikono, akauimbia viti. Akaimba ule wa mvua, kwa sauti ndogo kama alivyoahidi. Hakuna neno lililokosekana. Alipomaliza Muharami akaweka gitaa chini, akapiga makofi peke yake, muda mrefu, kwa niaba ya ukumbi.

Kisha wakatoka wakakaa kwenye ngazi. Taa za mitumbwi zilikuwa zinasogea mbali.

“Mwezi ukitokeza tena, watarudi?” Muharami akauliza.

“Watafanya nini huko? Watarudi.”

Mayala akaegemea ukuta akatazama juu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaliomba wingu liondoke.