Mashine Kumi na Moja kwa Linki Yangu

Mtu akikuambia kwamba kuuza kwa linki kunaanza na simu nzuri, mwambie anyamaze. Nasema hivi kwa hasira na sitaomba msamaha. Nimewasikiliza vijana wengi kwenye simu wakifundisha wanaoanza: chagua kampuni, jiandikishe, upewe linki yako, itume kwa watu, mtu akinunua kupitia hiyo linki unakatiwa kamisheni. Hayo yote ni kweli. Mimi niliyamaliza kwa asubuhi moja. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyetaja kitu kilichonipiga mimi, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Shule niliacha darasa la tatu. Nilianza kwa kusukuma mitungi ya maji kwa mkokoteni, nikauza kamba za mkonge, nikauza misumari kwa kupima na kopo, na leo nina duka la vifaa hapa soko la Tulia ambalo kila jiwe lake nimelilipia mimi. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Mtu aliyejiinua namna hiyo huwa na ugonjwa mmoja: hapendi kuulizwa kama ameelewa.

Binti yangu, kitindamimba, ameolewa upande wa Kathonzweni. Yeye ndiye aliyeleta habari za linki. Alikuja kunisalimia, nikamwona anauza viatu na sufuria za watu asiowajua, hana stoo, hana hata rafu moja. Nikamwambia na mimi aniandikishe. Tulikaa nyuma ya kaunta, akajaza jina langu, kitambulisho changu, na namba ya kulipwa. Halafu ukaja ukurasa wa Kiingereza, mrefu kama foleni ya chakula cha msaada.

"Nau, haya ni masharti," akasema. Nau ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita baba. "Nikusomee?"

"Nimeshayaona."

"Umeyasoma?"

"Unafikiri mimi ni mtoto? Bonyeza!"

Akabonyeza. Ni kweli nilikuwa nimeyaona. Niliona herufi, niliona mistari, niliona pale mwisho kuna mahali pa kukubali. Kiingereza sijui kusoma, na binti yangu alikuwa hajui kwamba sijui. Miaka yote nimekuwa nikishika karatasi za Kiingereza, nazitazama kwa muda wa kutosha, nakunja uso, naweka mfukoni. Mbuzi siwezi kumnunua bila kumfungua mdomo nikaona meno. Lakini masharti ya watu niliyameza hivyo hivyo.

Kitu nilichochagua kuuza kilikuwa kizuri, hilo sitaki mtu alipindue. Ni mashine ndogo ya mkono ya kupukuchua mahindi. Binti alikuwa ameniletea moja, nikaifunga kwenye benchi mbele ya duka, nikaleta gunia la magunzi yenye mahindi yake na kuzungusha mpaka likaisha. Wanawake wa chama cha akiba kinachokutana Alhamisi kwenye veranda yangu wakasimama kuangalia. Kila mmoja wao hupukuchua kwa kidole gumba mpaka ngozi inatoka.

Nikatuma linki kwenye grupu lao. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Siku ya tatu mwenyekiti wao akaja dukani. Ni mjane aliyesomesha watoto wanne kwa kusuka viondo, na mdomo wake haujawahi kuogopa mtu.

"Mzee, hayo maandishi ya bluu uliyotuma, tukigusa si pesa zetu zitatoka kwa simu?"

"Hazitoki. Unagusa tu, unanunua."

"Tulionywa kanisani tusiguse. Wewe tunakujua. Tuitishie."

Wakaniletea pesa zao mkononi, wanawake kumi na mmoja. Nami nikaingia kwa simu yangu, nikapitia linki yangu, nikaitisha moja, nikarudi nikaitisha nyingine, mpaka kumi na moja. Zote ziletwe dukani kwangu. Nilijiona mjanja sana, kwa sababu kila moja ilikuwa inahesabika upande wangu.

Mashine zilishushwa stendi, nikazibeba mpaka dukani, na zote zikafanya kazi. Wanawake walifurahi mpaka wakaniletea kuku. Nikamla.

Baada ya wiki chache ikaja meseji ndefu ya kampuni. Nikaitazama, nikakunja uso, nikaweka simu mfukoni. Siku mbili nilitembea nayo. Niliona kamisheni yangu haiji, nikampigia binti simu: njoo. Akaja, akasoma.

"Wanasema umejinunulia mwenyewe kwa linki yako. Wanaita udanganyifu. Akaunti imefungwa na kamisheni hailipwi."

"Nimejinunulia mashine kumi na moja? Wanafikiri nina mikono ishirini na miwili?"

"Nau, kompyuta haioni mikono. Inaona simu moja na duka moja."

"Nipigie mkubwa wao."

"Hakuna wa kupigiwa. Kuna mahali pa kuandika tu."

Hapo ndipo damu ilipanda. Sokoni dalali wa mbuzi akiitwa mwizi, anaitwa na mtu mwenye uso, na anaweza kumjibu. Mimi nimeitwa mwizi na kitu kisicho na uso, katika lugha ambayo siisomi, kwa mashine nilizozibeba kwa mabega yangu kutoka stendi. Nikaamua kuandika barua. Wale wanawake wote wataweka alama ya kidole, waseme wao ndio wanunuzi na mimi ni mtu safi.

Binti akasema barua bila kujua tumevunja sharti gani ni kelele. Nikamwambia basi Alhamisi ayasome yote mbele ya chama, kwa Kikamba, kila mtu asikie vile hawa watu walivyonionea. Niliagiza chai ya watu wote. Nilitaka mashahidi wa hasira yangu.

Akasoma. Akafika pale: usinunue kwa linki yako mwenyewe, wala usimnunulie mtu mwingine kwa linki yako.

"Ai! Hiyo iko wazi," mmoja akasema. "Hata mimi nimeisikia na sijavaa miwani."

Wakacheka. Nikawaambia wanywe chai. Binti akaendelea, kisha akapunguza sauti, akanitazama. Nikamwambia soma, unaogopa nini?

"Lazima umwambie mnunuzi kwamba wewe unalipwa akinunua."

Mwenyekiti akaweka kikombe chini. "Rudia hiyo."

Binti akarudia.

"Kwa hivyo ulikuwa unalipwa?"

"Nalipwa na kampuni, mwaitu, mama yangu, si nyinyi. Bei ni ile ile, hata ungeenda mwenyewe."

"Sijauliza bei. Nimeuliza ulikuwa unalipwa?"

"Ndiyo."

"Na sisi tulikuombea. Tulisimama kwenye kikao tukasema mzee huyu ameacha kazi yake kutusaidia. Tukatoa kuku."

"Hamkuniuliza!"

"Ungeulizwaje kitu ambacho hatukujua kipo?"

Nilipiga kelele. Nikauliza ni nani hapa Tulia anayefanya kazi bure, ni nani alizibeba zile mashine, ni nani aliyewazuia kugusa linki wenyewe kama si woga wao. Niliuliza mengi. Mwenyekiti alinisubiri kama mtu anayesubiri punda amalize kulia.

"Umemaliza? Kidole changu hakiendi kwa barua inayosema wewe hukuficha kitu. Andika ulificha, nitaweka."

Wengine wakasema hivyo hivyo. Binti akaniinamia sikioni. "Nau, ukiandika hivyo hawatafungua akaunti. Hilo ni sharti la pili umevunja."

Nilijua. Ningeweza kutupa barua na kuwafukuza kwenye veranda yangu. Lakini kampuni haijui mlango wangu uko upande gani, na hawa wanapita hapo kila siku wakienda mtoni, na wanaponunua misumari hawapimi mara ya pili kwa sababu ni mimi nimepima. Nilimwambia binti aandike: niliwanunulia kwa linki yangu, sikuwaambia ninalipwa, na masharti sikuyasoma kwa sababu Kiingereza sijui. Hilo la mwisho hakuna aliyeniomba. Binti alisimamisha kalamu, akanitazama kama aliyenikuta barabarani mara ya kwanza. Nikamwambia, andika, unangoja nini? Vidole kumi na kimoja vikawekwa, na changu.

Kampuni ilijibu kwa mistari miwili. Akaunti imebaki imefungwa, kamisheni imekwenda. Bado naona walinionea. Mashine zilikuwa za watu, na watu walizitaka. Hilo nitalisema mpaka nife.

Nilijiandikisha kwa kampuni nyingine, na binti naye akajiandikisha. Masharti yalichukua mchana mzima, binti akisoma na mimi nikigombana na kila mstari. Sasa nauza taa za sola. Anayetaka anakuja na simu yake, anagusa kwa kidole chake, na kabla hajagusa namwambia mimi napata kitu hapa, na nataja ni ngapi. Ninasema kwa ukali ili asidhani naomba. Wewe unayeanza, anza hapo. Kama kuna lugha usiyoijua, sema hujui. Simu nzuri utanunua baadaye.

Mwezi uliopita mwenyekiti alikuja na taa mpya mkononi, ile ile ninayouza mimi. Nikamuuliza ameitoa wapi.

"Nimenunua kwa simu. Nimegusa mwenyewe."

"Kwangu haijaonekana."

"Haiwezi kuonekana kwako. Nimetumia linki ya binti yako. Yeye ndiye alitusomea."

Akaiwasha mchana kweupe nione vile inawaka, akaizima, akaomba misumari nusu kilo.