Fundi wa kebo anayeanzia sakafuni

Saa tatu asubuhi, fundi amelala kifudifudi kwenye sebule ya watu asiowafahamu, tochi mdomoni, mkono mmoja umezama nyuma ya kabati la televisheni. Mwenye nyumba, mkunga mstaafu, amesimama karibu naye akiwa na kikombe cha chai ambacho hakuna aliyekiomba.

"Wenzako watatu wamekuja," anasema. "Wote wamepanda juu ya paa, wakashuka, wakaniambia ninunue televisheni mpya."

"Paa halina neno, mama," fundi anajibu, akiitoa tochi mdomoni. "Mimi huanzia chini."

Mtaani fundi huyu anaitwa Mama Chenga, ingawa picha za siku hizi hazitoi chenga, zile nukta nyeupe za televisheni za zamani. Huganda tu, kisha hukatika. Ana miaka arobaini na mmoja, na kumi na sita kati ya hiyo ameitumia kwenye kebo. Kampuni humpa nyumba zilizowashinda wengine. Kwa wiki hufikia kumi na nne.

Anachomoa waya nyuma ya king'amuzi, anaufuta ncha, anaurudisha, anaukaza. Picha bado inakatika. Anapima mawimbi pale waya unapoingilia ukutani: mazuri. Anapima kwenye televisheni: hafifu.

"Ugonjwa uko humu ndani," anasema.

Hatua mbili kutoka hapo, mume wa mkunga anamtazama akiwa kitandani. Mwaka jana kiharusi kilimpoozesha upande wa kulia, kikaondoka na karibu maneno yake yote. Kitanda kikahamishiwa sebuleni ili asishinde peke yake chumbani. Picha ilianza kusumbua wakati huohuo, na mkunga hakuhitaji fundi kumjua mkosaji: ni mumewe, anayebonyezabonyeza rimoti kwa mkono usiozoea. Akamnyang'anya. Sasa rimoti inakaa jikoni, juu ya friji.

Mama Chenga anamwomba mzee ageukie ukutani. Mzee anajivuta taratibu. Picha inakatika. Anamwomba ageuke tena. Picha inarudi.

Fundi anainua zulia. Mguu wa kitanda umeukalia waya, umeubana mpaka umekuwa bapa kama utepe.

Mkunga anainama kuutazama. Anakwenda jikoni, anarudi na rimoti, anaiweka kwenye kiganja cha kushoto cha mumewe.

"Nilikusingizia, baba watoto," anasema.

Mzee anabadilisha chaneli mara nne mfululizo. Hakuna anayemzuia.

Utaratibu huu Mama Chenga hakuufundishwa na mtu. Miaka mitatu iliyopita aliteleza kwenye nguzo, akavunjika nyonga, akalala nyumbani miezi saba. Akiwa kitandani, televisheni yake nayo ikaanza kukatika.

"Mganga hajigangi," anasema. "Mwenzangu alikuja akabadilisha waya wote wa nje. Wapi."

Kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, alibaki akitazama. Siku ya tano akagundua kwamba picha hupotea kila dada yake anapofunga mlango. Waya ulipita kwenye bawaba.

"Miaka kumi na tatu nilikuwa juu ya nguzo. Sikuwahi kukaa kwa mteja nikaona watu wanavyoishi na huo waya."

Aliporudi kazini akitembelea mkongojo, kampuni ilitaka kumweka kwenye dawati la kupokea simu. Alikataa, akaomba apewe nyumba sugu. Alikubaliwa, lakini bila posho ya kupanda, na mshahara ukapungua kwa robo. Msimamizi wake anakiri kwamba alimpa mwezi mmoja tu.

"Nilidhani atachoka," anasema. "Siku hizi, nyumba ikitushinda, mafundi wenyewe wananiambia nimpelekee yule mama."

Mwezi uliopita daktari alimruhusu kupanda tena. Jumatatu atafanya mtihani wa nguzo, kwa sababu kampuni hairuhusu fundi asiyepanda kuwafundisha wapya, na kufundisha ndiko anakokutaka. Binti yake hajamsemesha tangu aliposikia habari hiyo.

"Ana haki. Hata mimi naogopa," anasema huku akikunja waya mbovu aliouondoa chini ya kitanda cha mzee. "Lakini nikifaulu, wanafunzi wangu watakaa majumbani kwa watu wiki nzima kabla sijawaonyesha ngazi."