Alasiri Nilipoiamkia Televisheni

Juzi nilimkuta binti yangu akilia kimyakimya. Rafiki zake walikuwa wameusoma ujumbe wake kwenye simu, na hakuna aliyejibu. Nikakumbuka alasiri ile, nikiwa mtoto, televisheni ya kwanza ilipowashwa dukani Bariadi, watu tumebanana, duka likinuka jasho na mafuta ya taa. Mtangazaji alinitazama usoni. Nikamwamkia Kisukuma, "Mwadila!" Hakuitikia. Nikarudia kwa sauti, watu wakacheka, nami nikalia, nikiamini amenidharau.

Mama alinishika mkono. "Huyo hakuoni, mwanangu. Salimia wanaokuona."

Nikafuta machozi. Njiani nilimwamkia kila tuliyekutana naye, hata wachunga ng'ombe waliokuwa mbali, na sikusogea mpaka waitikie. Tulichelewa sana kufika nyumbani, lakini Mama hakunihimiza hata kidogo.