Askrimu ya Baba na Chombo cha Angani

Soko huria lilipoingia nilikuwa fundi wa friji mtaa wa Majengo, mjini, na kazi hazikukauka, maana kila mwenye duka alitaka kuuza soda ya baridi. Nilifanya kazi redio ikiwa pembeni. Siku moja mtangazaji akaeleza jinsi wanaanga wanavyorudisha sampuli za damu duniani zikiwa zimeganda. Huko juu kuna freza ya umeme, sawa. Lakini chombo kikianza kushuka, mzigo hukaa ndani ya sanduku lisilo na umeme, umezungukwa na pakiti zilizogandishwa mapema, na kikishatua husubiri saa kadhaa mpaka watu wakifikie. Mwili ukanisisimka. Kama damu inatoka angani bila kuyeyuka, askrimu itashindwaje kufika kwetu Kirua Vunjo, mlimani?

Askrimu yenyewe ilikuwa ya baba. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa koo, na daktari alisema apewe vitu baridi na laini. Mama, ambaye kwake mgonjwa hapewi chakula kilichopoa, alimpa mtori wa moto, ile supu nzito ya ndizi. Ukamchoma, na tangu hapo baba akafunga mdomo, akakataa chakula chochote. Kazi yake ikawa kugawa mali kwa kunong'ona, kama mtu anayeaga: kihamba, shamba letu la ukoo, kwa mdogo wangu, ng'ombe kwa dada. Mimi nilikasirika. Mtu hagawi ng'ombe kwa sababu ya koo.

Nikajenga sanduku langu. Mtangazaji alisema chombo huvikwa tabaka nyingi zinazong'aa ili kuzuia joto, basi nikazunguka madukani kuomba zile karatasi za rangi ya fedha za ndani ya paketi za sigara. Watu wakaniuliza kama nimeanza uganga. Nikazibandika ndani ya debe, nikashindilia majani makavu ya mgomba, katikati nikaweka ndoo ndogo ya askrimu na chupa za maji ya chumvi nilizozigandisha kwenye freza ya mteja. Maji ya chumvi yakiganda huwa baridi kuliko barafu ya kawaida. Nilikuwa na furaha ya kitoto, nacheka peke yangu.

Nilipata lifti ya pikapu, kisha nikapanda kwa miguu, debe kichwani, manyunyu ya Julai yakinipiga. Nilikataa kulifungua hata kuchungulia. Nyumbani nikampokeza mama mzigo, nikaenda kumwamkia baba.

Kisha nikarudi jikoni. Debe lilikuwa limeegemezwa kwenye mafiga, linatoa mvuke.

"Mzigo ulionyeshewa huwekwa motoni, mwanangu," mama akasema, akinishangaa. "Ningeuacha baridini?"

Ndivyo alivyolelewa, na mimi sikuwa nimemwambia kilichomo. Nililivuta debe kwa kanga yake, nikachomoa majani. Ya nje yalikuwa ya moto. Ya ndani yalikuwa baridi. Nikagusa askrimu kwa kijiko, kijiko kikagoma kuzama. Nikapiga kelele mpaka ng'ombe akaitikia zizini.

Baba alitazama kijiko kwa woga. Nilimsihi, mama naye akamsihi. Akafungua mdomo kidogo, akafumba macho, akameza. Tulisubiri akunje uso. Hakukunja. Akafungua mdomo tena, na tena, mama akijifuta machozi kwa upindo wa kanga.

Kisha baba akanishika mkono, akachungulia ndani ya ndoo.

"Funika vizuri," akanong'ona. "Hii nyingine nitakula kesho."