Niliwahubiria mtama, nikapanda mahindi ya baba

Admin, jina langu lisionekane, wala kijiji. Mimi ni mama wa miaka 41, afisa ugani huku huku wilayani Chamwino nilikozaliwa. Miaka kumi na miwili nimekuwa nikiwaambia watu wetu waache mahindi, wapande mtama, maana mvua zetu hazitoshi. Nimetumia michoro, mashamba darasa, kila hoja. Wanaitikia, wanapiga makofi, kisha wanapanda mahindi. Mwaka jana ndipo karibu wote walikubali, wakachukua mbegu ya mtama. Nilijisikia mtu.

Oktoba baba akafariki. Juu ya jiko la mama yalibaki mafungu ya mahindi yake ya mbegu, ameyaning'iniza kwenye moshi yasiingiwe na wadudu, kama alivyofanya tangu niko mdogo. Mvua ya kwanza iliponyesha, mama aliyashusha akanipa. Nikayapanda, shamba lote, lile la kando ya barabara. Nilijua kabisa ninachofanya. Nilikuwa nafukia huku nalia, na moyo ukapoa kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Sikufikiria kwamba natazamwa. Wiki ile ile watu wakauweka mtama ndani, wakapanda mahindi. Walisema bibi shamba lazima ameona kitu kwenye utabiri. Muda wa kuwazuia ulikuwepo. Niliona aibu kusema nimepanda kwa uchungu tu, nikanyamaza.

Februari mvua ikakatika. Mahindi yamekauka yakiwa bado yanafika magotini, yangu na yao. Njaa haijafika, ila tunaijua njia yake.

Kinachoniumiza zaidi, hawanilaumu. Jana nilimwamkia mzee jirani yetu, akanijibu, "Marahaba mwanangu. Usiumie, hata wataalamu hukosea. Alhamisi kwenye mkutano utuambie msimu ujao tupande nini."

Nikisema ukweli, hawatanisikiliza tena, na mtama ndiyo basi. Nikinyamaza, wataamini utaalamu ndio uliokosea, na mtama ndiyo basi vile vile. Hoja za miaka yote zilimsogeza nani? Uchungu wangu wa siku moja umewasogeza wote, nao wakadhani ni hoja.

Na msinicheke, juu ya jiko limebaki fungu moja ambalo mama hakulishusha. Najua yote ninayowafundisha, lakini siwezi kuapa kwamba Desemba sitalishusha. Alhamisi ni keshokutwa. Ndugu zangu, nikisimama mbele ya watu hawa niseme nini?