Majivu ya Minazini

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa nilimponza babu yangu, tena nilimponza kwa kusema kweli. Watu huniambia nisijilaumu, mtoto hana kosa. Hao hawakuwapo Kakuyuni siku ile.

Shamba letu la minazi lilipandwa na baba yake babu, na ugema tuliurithi pamoja nalo. Babu alikwea mara tatu kwa siku kuteremsha tembo, ile pombe ya mnazi. Alikuwa mzee mkali, macho mekundu kwa moshi na jua, na sidhani alimpenda mtu kama alivyoipenda minazi yake. Kila mnazi aliuita kwa jina la aliyeupanda. Akianza kuugema mnazi mpya, tembo la kwanza alilimwaga chini kwa ajili ya koma, wazee wetu waliokufa, ndipo wengine tukaonja.

Mwaka ule chonga walituingilia. Ni mdudu mweusi mwenye pembe, hutoboa moyo wa mnazi kule juu mpaka makuti machanga yakauke. Babu alichanganya mchanga, chumvi na majivu ya jikoni, akapanda nao mchanganyiko huo na kuutia baina ya makuti ili umkere mdudu. Mimi ndiye niliyemshikia beseni. Nilimsikia akiongea na mnazi mmoja mmoja, akiwataja wazee.

Baba mdogo Katana alikuwa ameshapata mtu wa kulinunua shamba, na babu alikuwa ameshakataa. Minazi ilipozidi kufa, Katana akaenda kwa mganga, akarudi na habari kwamba mchawi ni mtu wa nyumbani, tena mwenye mvi. Mwenye mvi pale kwetu alikuwa mmoja tu.

Asubuhi moja jamaa wote wakaitwa uani. Katana alinikalisha mbele yao, akanipa mahamri mawili, akaniuliza kwa sauti laini ambayo hakuwahi kuitumia kwangu.

"Kadzo mwanangu, babu yako akikwea, hutia nini kule juu?"

"Majivu na chumvi," nikasema. "Na huwaita waliokufa."

Nilikuwa najivuna. Nilitaka wajue kwamba babu alinichagua mimi. Wanaume wale walizaliwa minazini, na kila mmoja alijua kuwa majivu na chumvi ni vya chonga, kwa sababu baba zao walivitia vilevile. Hakuna aliyefungua mdomo. Miaka yote hii sikuwasamehe.

Vijana walianza kuokota mawe. Babu hakunikaripia. Alimwambia Katana, "Shamba nakuachia. Mtoto huyu usimsimamishe tena mbele ya watu." Akachukua nguo zake, akaenda Sabaki kwa dada yake, na huko akafa kabla mvua hazijaanza.

Minazi iliyobaki ilikufa upesi zaidi, kwani hakukuwa na mtu wa kuitunza. Katana akasema ni babu anaimaliza kutoka kaburini. Maneno hayo yakamfikia mnunuzi, akaogopa, akaenda zake. Nilifurahi sana.

Sasa Katana ana mvi kichwa kizima. Mwezi uliopita mwanawe mkubwa alinipigia simu. Alisema mbuzi wanakufa pale nyumbani, kisha akaniuliza kama zamani niliwahi kumwona baba yake akifundishwa jambo lolote na babu.

Nilijua anachokitafuta. Nilimwambia sikuona kitu, amwite daktari wa mifugo, na kwamba akimgusa mzee yule nitakwenda polisi mimi mwenyewe. Sijutii neno hata moja kati ya hayo.

Lakini kabla sijajibu nilinyamaza, naye akangoja. Nimemchukia Katana maisha yangu yote, na katika kimya kile niliona raha, raha hasa, wala sikuwa na haraka ya kuikatiza. Tangu siku hiyo nikiwakumbuka wale wanaume wa uani, nashindwa kuwalaani.