Shofaji ya Papa

Papa alikuja kuishi nasi Glenwood, mtaa wa Durban, akiwa na masanduku mawili, yote yamejaa sweta. Ni baba wa mke wangu, mwalimu wa hesabu aliyestaafu Lubumbashi, kisha akahamia Ubelgiji kwa shemeji yangu na kukaa huko miaka mingi. Mama mkwe alipofariki, watoto wakakubaliana kwa simu kwamba baba yao aje Durban, kwa binti yake, kwenye jua. Kila aliyezungumza alilitaja hilo jua kama dawa aliyoandikiwa mgonjwa.

Nyumba yetu ni ya zamani na ina vyumba vichache, kwa hiyo tulianza kumjengea upande wa nyuma: chumba kikubwa, bafu, na kibaraza cha kukalia asubuhi. Kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha siku Papa alipotoka kukagua. Alizunguka polepole, mikono mgongoni, kama anasimamia mtihani. Kisha akaniuliza:

"Mukwe, shofaji itakaa wapi?"

Sikumwelewa. Mke wangu ndiye aliyenieleza kwamba shofaji ni mitambo ya kupasha nyumba joto. Kunakuwa na boila inayochoma mafuta na mabomba yanayozungusha maji ya moto, na katika kila chumba kuna radieta, lile dude la chuma lenye mbavu linalokaa ukutani likitoa joto.

"Papa," nikasema kwa adabu zote, "hapa Durban watu wananunua feni."

"Mwezi wa saba iko hapa?"

"Upo."

"Basi baridi nayo iko."

Mimi nimezaliwa Kinangop, kule Kenya, ambako baridi huingia mpaka kwenye kikombe cha chai, na kwetu hatukuwahi kuwa na kitu zaidi ya jiko la makaa. Nilimpa Papa historia hiyo. Akanisikiliza vizuri, akanipa pole.

Usiku ule ule alichora. Asubuhi tulikuta mchoro mezani, umepigwa rula, bomba la maji ya moto kwa rangi nyekundu na la maji yanayorudi kwa buluu. Radieta alikuwa ameziweka chini ya madirisha, kwa sababu baridi, alisema, haipiti mlangoni kama mgeni. Nilimvuta mke wangu jikoni.

"Tutaiwasha mara ngapi kwa mwaka?"

"Sijui," akasema. "Amezika mke, amehama nchi, na jambo aliloomba ni hilo moja. Mwache awe na shofaji yake."

Ikabidi nitafute fundi wa bomba. Nilimpata mtaa wa Overport, mtu mpole aliyezoea matangi ya maji moto ya darini. Aliutazama mchoro, akatazama jua lililokuwa likichoma ua, akaniuliza kama nyumba tunayozungumzia ni hii hii. Nikamwambia ndiyo. "Eish," akasema, akakaa kwenye ndoo. Niliamini ataniokoa. Badala yake alienda kwake, akashinda wiki nzima akitazama video za mafundi wa nchi za theluji, na aliporudi alikuwa ameshaingia imani kuliko Papa mwenyewe.

Mwanzoni niliwatafsiria, kwa kuwa fundi ana Kiingereza na Kizulu, na Papa ana Kifaransa na Kiswahili cha kwao. Baada ya muda hawakunihitaji. Papa alionyesha kidole ukutani na kusema "ici," fundi akajibu "sharp," na tundu likatobolewa. Siku moja nilipendekeza bomba lipite nyuma ya kabati, ili lisikatize kwenye korido. Wote wawili walinitazama kwa huruma. Bomba likakatiza kwenye korido, likajengewa kituta cha saruji, na mpaka leo kila mgeni anayekwenda kwa Papa hufika chumbani akichechemea.

Mkaguzi wa manispaa naye alikuja kuona mahali pa tangi la dizeli. Alisoma maombi yetu, akayasoma tena, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama tuna mpango wa kutotoa vifaranga. Nikamwambia hapana, ni baba mkwe. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyewahi kuwa na baba mkwe, akatuelekeza mahali panapokubalika kisheria. Palikuwa ni pale mke wangu alipokuwa amepanda matembele. Aliyang'oa mwenyewe. "Ikiharibika hiyo boila," akaniambia, "nitapanda matembele humo ndani."

Boila yenyewe tuliipata kwa hoteli moja ya milimani iliyokuwa ikibadilisha mitambo. Muuzaji alisema kwenye simu kwamba ni ndogo. Labda kwa hoteli ilikuwa ndogo. Ilifika juu ya pikapu iliyoinama nyuma, ikashushwa na wanaume waliokuwa wakitaja jina la Mungu, na iliposimama kwenye nyasi ilinizidi kimo. Kijichumba kilichochorwa hakikuitosha. Fundi na Papa walijadiliana kwa vidole, wakahamisha ukuta, wakala nusu ya bafu. Ukikaa kwenye choo kile leo, magoti yanagusa mlango.

Tulipanga kuiwasha Jumapili, kikundi chetu cha maombi kikija kubariki chumba. Ilikuwa Julai, ndiyo, lakini Julai ya Durban: watu walifika na mashati ya mikono mifupi, Wakenya kutoka Berea na Wakongo wa sokoni na wa saluni, wakajipanga kwenye viti vya plastiki. Fundi alikuwa amevaa tai. Papa akabonyeza kitufe, boila ikanguruma, na mzee wa kanisa akaanza kuomba.

Nadhani alikuwa amefika kwa Ibrahimu radieta zilipoanza kuunguruma. Ilikuwa hewa iliyobaki kwenye mabomba, ila hatukujua. Ilitoka sauti ndefu, ya kukunjakunja, kama ya tumbo la mtu aliyekosa chakula cha mchana. Kila mmoja alifumbua jicho moja na kumtazama jirani yake. Mama mmoja aliyekaa karibu na dirisha alijishika tumbo na kuomba radhi. Ikalia tena, kubwa zaidi, na mzee akaharakisha maombi kwa ajili ya wale aliodhani wana njaa.

Fundi akanyata na ufunguo wake mdogo kutoa hewa. Maji meusi yakaruka moja kwa moja kwenye shati jeupe la mzee, kabla hajafungua macho.

Wakati huo joto lilikuwa limepanda mno. Boila ile ilijengewa nyumba nzima ya wageni, na haikujua kufanya kazi kidogo. Watu walitoka mmoja mmoja, kwa heshima, wakisema wanaangalia watoto, hata wasio na watoto. Mwishowe tulikula pilau uani. Papa alibaki ndani. Nilipompelekea sahani nilimkuta amevua sweta, na ya chini yake, na ya tatu, amekaa na fulana kando ya radieta. Sikuwahi kuona mikono yake ikiwa wazi. Ilikuwa myembamba kuliko nilivyodhani.

Juu ya radieta alikuwa ametandika pajama zake, amezinyoosha kwa makini, mikono kwa mikono.

"Mama yenu alikuwa anaziweka hivi," akasema. "Kila siku, mbele ya kula. Nikienda kulala, iko moto."

Nikaweka sahani, nikavuta kiti. Jasho lilinitiririka mgongoni, nikakaa naye mpaka akamaliza kula. Aliniuliza habari za wanafunzi ninaowafundisha chuoni, nikamjibu. Tulicheka kidogo kuhusu shati la mzee.

Kisha akainuka, akagongagonga ukuta unaopakana na chumba tunacholala mimi na mke wangu, akatega sikio.

"Mukwe," akasema, "huu ukuta iko na unene gani?"

Fundi alikuja Jumatatu na radieta nyingine.